Ukurasa wa Mwisho wa Sauti ya Pili

Wenzangu mliokulia kanda ya pamba mnaijua harufu ya pamba mbichi iliyolala ndani ya nyumba siku nyingi. Ina mafuta ya mbegu, ina vumbi la majani makavu, na panya kidogo. Mwezi uliopita nilikwenda Bariadi kumzika Mwalimu Maduhu, mtu aliyenifundisha kuimba noti, na baada ya maziko nikapewa chumba cha kupumzikia ambacho nusu yake ilikuwa lundo la pamba hadi usawa wa dirisha. Nilikaa pembeni ya lundo lile, nikavuta pumzi, na machozi yaliyogoma kunitoka makaburini yakanitoka pale. Wenye nyumba walidhani ni vumbi. Niliwaacha wadhani hivyo, kwa sababu kisa chenyewe sijawahi kumsimulia mtu, na nimeona nikisimulie sasa kabla na mimi sijazeeka nikaanza kukipamba.

Kwetu ni nje kidogo ya Dutwa. Nilikuwa na miaka kumi, pengine kumi na moja, na ilikuwa ile miaka ambayo biashara ya pamba ilifunguliwa kwa kila mwenye lori. Kabla ya hapo mnunuzi alikuwa mmoja, chama cha ushirika, na kuuza pamba ilikuwa shughuli ya kutwa nzima. Baba alipakia mkokoteni wa ng'ombe, tukaenda ghalani, na karani akatuamuru kumwaga mzigo wote kwenye turubai. Aliupekua kwa mikono yake miwili. Akikuta fifi, yaani ile pamba ya daraja la pili yenye madoa, imechanganyika na pamba safi, alikurudisha nyumbani ukachambue upya, na hakujali umetoka mbali kiasi gani. Kisha wakaja wanunuzi binafsi. Wao walikuja hadi mlangoni na mizani yao ya kuning'iniza, hawakumwaga wala kupekua, walipima, wakatupa juu ya lori, vijana wakashindilia kwa miguu, wakaondoka mbio kumuwahi jirani kabla mwenzao hajafika. Baba alisema hayo ndiyo maendeleo. Mimi haraka yao ilikuja kuniponza.

Yule karani mkali wa ghalani ndiye Mwalimu Maduhu. Ualimu wake ulikuwa wa kwaya tu. Shule hakuwahi kufundisha. Chama kilipoanza kuyumba alipunguzwa kazi, akarudi kulima pamba na dengu kama sisi sote, lakini Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa tisa alasiri, alivaa koti la mtumba lenye vifungo vya dhahabu, akatembea kwenda kanisani kama mtu anayekwenda ofisini. Mfukoni alikuwa na kichuma chenye ncha mbili. Alikigonga gotini, akakiweka sikioni, akafumba macho, na alipofumbua alikuwa ameshajua do iko wapi. Kinanda hatukuwa nacho. Kichuma kile na koo la Mwalimu ndivyo vilikuwa vyombo vyetu vyote.

Mimi nilikuwa sauti ya pili, upande aliokuwapo mama, na nililichukia jambo hilo kwa moyo wangu wote. Mliowahi kuimba kwaya mnanielewa. Sauti ya kwanza wanapewa wimbo wenyewe, ule ambao watu wanauimba wakienda kuchota maji. Sauti ya tatu, wale wanaume wa sauti nyembamba, wanapaa. Besi wananguruma, benchi linatetemeka. Sauti ya pili tunapewa makombo: mi, mi, mi, fa, mi. Nilichunguza nikagundua kwamba wasichana sita wa sauti ya kwanza walikuwa na viatu, na sisi wa sauti ya pili wengi tulikuwa miguu mitupu, nikaamini kabisa kwamba Mwalimu anagawa sauti kwa kuangalia miguu. Siku nilipomwambia mama anisaidie kupata viatu ili nihamie sauti ya kwanza, alicheka hadi akaketi chini, kisha akaenda kumwambia Mwalimu.

Mwalimu hakucheka. Jumamosi ile aliwasimamisha besi akawapa do, sauti ya tatu akawapa so, sauti ya kwanza akawapa do ya juu. Waliimba, sauti ikajaa kanisa.

"Haya," aliuliza, "hii ni harusi au msiba?"

Watu walitazamana. Mmoja akasema harusi, mwingine msiba, mwingine akasema ni kama mtu amesimama mlangoni hajaingia wala hajatoka.

"Minza, weka mi."

Niliweka mi yangu ile ya makombo, na kanisa zima likasema "Harusi!" kabla hajauliza. Akaniambia nishuke nusu hatua tu, niimbe ma, na papo hapo furaha ikaondoka; mama mmoja alishika shavu kama aliyeletewa habari mbaya. Mwalimu alitufundisha siku hiyo kwamba sauti tatu zilizosimama pamoja ni mafiga matatu, na figa la kati ndilo linaloamua kinachopikwa. "Sauti ya kwanza wanasikika," alisema, "besi wanabeba. Lakini anayejua kama tunalia au tunacheka ni sauti ya pili." Nilirudi nyumbani nikiwa nimesamehe viatu vyote vya duniani.

Mwaka ule Mwalimu alikuwa anajiandaa na misa ya kumbukumbu ya baba yake. Mzee huyo ndiye katekista wa kwanza wa kijiji chetu, aliyekuja kwa miguu kutoka Malampaka na kitabu kimoja cha sala, na watu wa kwetu waliobatizwa karibu wote walipita mikononi mwake. Mwalimu alimwandikia padri mmoja mzee wa Ulaya, aliyewahi kumfundisha muziki ujanani na sasa amerudi kwao, akamwomba wimbo unaomfaa mtu wa namna ile. Baada ya miezi mingi ikaja bahasha. Ndani kulikuwa na kurasa nane zilizoandikwa kwa mkono: sala ya Kilatini ya kuwaombea marehemu, sauti nne, kazi ya mtunzi wa zamani sana ambaye hata taa ya kandili pengine hakuijua. Padri alikuwa ameigeuza yote kutoka kwenye mistari ya kinanda ikawa do re mi yetu.

Hakuna mtu kati yetu aliyewahi kuusikia wimbo huo. Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuusikia. Hebu fikirini: wakulima thelathini na kitu, wenye nyufa za jembe viganjani, wanatoa sauti ya mtu aliyekufa mamia ya miaka iliyopita, kwa kufuata herufi kwenye karatasi, na hawana redio wala kaseti ya kuwaonyesha kama wamepatia. Mpaka leo nikiingia kwenye kumbi kubwa nikaona watu wanapiga makofi, huwa najiuliza kama wanajua kazi ngumu ni ipi.

Utaratibu wetu wa kunakili ulikuwa hivi. Nakala ni moja, kwa hiyo kila sauti inauchukua ukurasa kwa zamu na kunakili mstari wake tu kwenye daftari. Sauti ya kwanza hawajui besi wameandikiwa nini, na besi hawataki kujua. Zamu inaanza kwa sauti ya kwanza, inakwenda besi, inakwenda sauti ya tatu, na sauti ya pili, kama kawaida yetu, tunakuwa wa mwisho. Mwalimu naye alikuwa na tabia yake: hakuchungulia mbele. Tulipokuwa ukurasa wa tatu yeye pia alikuwa ukurasa wa tatu. Mtu akimuuliza unaishaje, alijibu, "Tulia. Mwisho tutaufikia pamoja."

Ukurasa wa nane ulimfikia mama siku ya Alhamisi, nao ulitakiwa urudi Jumamosi. Mama aliishia darasa la tatu na mwandiko wake alikuwa akiuonea haya, hivyo kunakili ilikuwa kazi yangu, nami niliifanya kwa majivuno. Ijumaa asubuhi nilitumwa kuchambua pamba chumbani, safi upande huu, fifi upande ule. Nilikaa juu ya lundo, nikaweka ukurasa gotini, na kwa kuwa mimi si Mwalimu, nilikimbilia mwisho. Nikaupitia mstari wetu wote mara mbili. Kwenye noti ya mwisho kabisa nikakuta kitu kilichonichekesha. Nilizijua do, re, mi, fa, so, la, ti. Nilizijua ma, fe na se, zile za nusu hatua, kwa sababu Mwalimu alitufundisha. Pale palikuwa pameandikwa de. Nikasema moyoni, maskini, Padri amezeeka, mkono umeteleza.

"Minza!" mama aliita uani. "Unachambua au unalala?"

"Nachambua, mama!"

Nikasikia hatua zake. Nikausukuma ukurasa ndani ya pamba safi, nikaufunika, nikashika fifi mbili mikononi. Mama alitazama, akanipa ndoo niende kisimani. Kisimani kulikuwa na foleni na kulikuwa na hadithi, mnajua wasichana. Niliporudi nikaona alama za matairi uani. Chumba kilikuwa kitupu, kimefagiwa, na baba amekaa kwenye kigoda anatabasamu. Lori lilikuwa limeshachukua kila kitu, pamoja na ukurasa wa nane, na daftari langu halikuwa na hata noti moja.

Nikadanganya. Nilisema mchwa. Ulikuwa uongo mzuri, maana mchwa wa nyumba yetu walikuwa na sifa. Walishakula cheti cha ubatizo cha kaka yangu na nusu ya kalenda. Mama alishika kichwa. Jumamosi aliniongoza hadi kwa Mwalimu, yeye mbele mimi nyuma.

"Mwadila, Mwalimu," mama alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila mayu. Mhola?"

"Mhola, lakini... Mwalimu, ule ukurasa umeliwa na mchwa. Huyu hapa alikuwa bado hajanakili."

Barua ya kwenda Ulaya na kurudi ilikuwa miezi, na misa ya baba yake ilikuwa wiki tatu mbele. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Wengine wote wamenakili?"

"Wote, Mwalimu. Ni sisi tu."

"Basi usilie, Mama Minza. Kilichopotea tutakitafuta kwa kuwauliza waliobaki."

Mama alishusha pumzi. Mimi ndio kwanza nikaogopa. Jirani yetu mmoja alikuwa mfumu wa kusoma vifaranga. Jembe likipotea au ng'ombe akitoroshwa, watu walimpelekea kifaranga, akakipasua, akatazama ndani, akauliza maswali kwa sauti ndogo. Alianza kwa kusema kitu kiko wapi, halafu akamalizia kwa kusema nani amekichukua. Nilikuwa nimeona watu wazima wakikimbia kabla hajafika kwenye jina. Kwa akili yangu, kumbe Mwalimu naye ana ufundi uleule, na akimaliza kuzipata noti atanipata mimi.

Alhamisi iliyofuata aliazima ubao wa shule ya msingi, besi wakaubeba kichwani hadi kanisani. Akaandika mistari mitatu kutoka kwenye madaftari ya wenzetu, na wa kwetu akauacha mtupu. Kisha akaanza kuuliza.

"Hapa besi wana re. Sauti ya tatu wana la. Sauti ya kwanza wana re ya juu. Figa gani halipo?"

Masanja, besi mmoja mkubwa mwenye kovu la pembe ya ng'ombe kwenye kidevu, akasema taratibu, "Fa?"

"Imba re, fa, la, usikie."

Waliimba. Masanja alitabasamu kama aliyeona ng'ombe wake mnadani. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekosa mazoezi. Ilikuwa msimu wa ngoma za mavuno, ngoma zinasikika kila upande, na besi ndio walikuwa na ugonjwa wa kutoroka kwenda kucheza. Wiki zile walibaki. Walibishana juu ya figa la kati mpaka wakasahau kuvuta ugoro.

Mwalimu alitufundisha kwamba kabla ya kujua mtu anakwenda wapi, lazima ujue alipumzika wapi. Akaturudisha nyuma kwenye vituo vyote vya wimbo ule. "Ukurasa wa pili anasimama kwenye mi, se, ti. Imbeni." Tukaimba. "Amemaliza?" Hapana, hajamaliza, ameuliza swali. "Ukurasa wa tano anasimama kwenye do, mi, so. Amemaliza?" Hapo tuligawanyika, maana palikuwa pazuri, pametulia. Mama yangu, ambaye huwa hasemi, alisema, "Amepumzika, lakini ni kwa watu." Mwalimu alimwangalia mama kwa heshima ambayo sijaisahau. "Ni kwa watu," alirudia. "Wamempa kiti, wamempa maji, lakini si kwake. Kwake ni la. Alianzia la na atarudi la. Sasa tumfuate tuone anarudi kwa njia gani."

Tukamfuata, noti moja baada ya nyingine. Se haiwezi kubaki nje, inataka kuingia la. Sauti ya pili haiwezi kumfuata besi nyuma nyuma kwa hatua zilezile, kila mmoja awe na njia yake. Palikuwa na mahali, mistari mitatu kabla ya mwisho, ambapo kila kitu kilituambia sasa anafika, besi wamo kwenye mi, sote tumejiandaa kutua la, halafu besi wakapanda fa. Kanisa lililipuka kwa kicheko. "Ametudanganya!" Masanja alipiga paja. "Huyu mzee ametudanganya!" Mwalimu alifuta jasho kwa mkono wa koti lake na kucheka pamoja nao. Alisema mtunzi ameona mlango wa kwake kisha akapita, kwa sababu alikuwa bado na neno la kusema.

Mimi peke yangu sikuweza kucheka. Nilikuwa nimeupitia mstari ule mara mbili kwa macho, na kumbukumbu ya mtoto ni kitu cha ajabu. Kila noti aliyoiandika kwa chaki ilikuwa ndiyo. Aliipata fa, aliipata ile mi iliyoshikiliwa, alipata hata mahali tulipotakiwa kunyamaza pigo moja. Hakuwa na ukurasa, hakuwa na kitabu, alikuwa na masikio na kuuliza. Niliogopa, na huku naogopa nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda mtu asiye wa nyumbani kwetu. Sikujua mwanadamu anaweza kufanya vile. Kila alipogeuka kutoka ubaoni niliinamisha uso nisikutane na macho yake.

Wiki ya tatu tulifika mwisho. Sauti ya kwanza wametoka se wameingia la. Sauti ya tatu wamebaki mi. Besi wameshuka la. Sisi tuko ti, tunasubiri kuambiwa tuende wapi.

"Figa gani halipo?"

"Do!" kanisa zima lilijibu, hata watoto waliokuwa wakichungulia dirishani.

"Do," alisema Mwalimu. "Amelia tangu mwanzo, atamaliza akilia." Akaandika do, akaweka chaki chini, akasimama anatazama ubao. "Namshukuru Mungu. Wimbo wa baba umepatikana wote, kama ulivyoandikwa."

Nitasema ukweli jinsi ulivyokuwa. Kwanza nilifurahi. Mfumu amekosea! Hajui kila kitu, kwa hiyo hatanijua. Jioni ile nilikula ugali mpaka mama akashangaa. Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Siku ya tatu tulikuwa tunatoka mazoezini nikamwona Mwalimu amekaa peke yake kwenye benchi la nje, daftari limefunguka, anaimba mstari wetu kwa sauti ndogo, ule wa sauti ya pili, akifika mwisho anaimba do, anatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepokea alichopewa, kisha anaanza tena. Ndipo nilipoelewa. Siku ya misa angesimama mbele ya watu wote na kumwimbia baba yake neno ambalo halikuandikwa, akiamini ndilo, na kule kwetu kote aliyejua ni mimi tu. Kumwambia kulikuwa kusema kwamba niliuona ukurasa, na kwamba mchwa hawakuwapo. Sikulala vizuri, nilikasirika, nilimchukia hata yule padri mzee na de yake.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa Jumamosi, mkesha wa misa. Tuliimba kurasa zote nane bila kusimama kwa mara ya kwanza. Tulipofika mwisho, wenzangu sita wa sauti ya pili walitoka ti wakaingia do, na mimi nikapita do nikaenda de. Noti mbili zilizobanana namna ile zinauma. Ilikuwa sauti ya nyuki ndani ya chungu. Mwalimu alikata.

"Nani huyo?"

Mama alinifinya mgongoni.

"Rudieni kituo cha mwisho."

Tukarudia. Nikafumba macho nikaimba de kwa nguvu zaidi. Nilipofumbua, vifungo vya dhahabu vilikuwa mbele ya uso wangu.

"Umeimba nini, Minza?"

"De."

"De." Aliiimba kidogo, kama anaionja. "Nani amekufundisha de?"

Nilikazia macho vifungo vyake.

"Mimi sijawahi kufundisha de katika kwaya hii. Katika nyimbo zetu zote haimo."

"Mtoto amechoka, Mwalimu," mama alisema haraka. "Amekuwa na homa."

Mwalimu aliinua mkono kumtuliza mama, macho yake hayakunitoka. Niliona anavyoelewa. Ilichukua muda mfupi tu, uso wake ukabadilika, na mimi nikasubiri jina langu litajwe mbele ya watu wote kama kwa mfumu. Lakini alipofungua mdomo kusema, aliuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Iliandikwaje?"

"D na e," nilisema, na kilio kikanitoka. "Nilidhani Padri amekosea."

"Hakukosea," alisema Mwalimu. "Mimi ndiye nimekosea."

Alikwenda ubaoni, akafuta do kwa mkono wa koti, akaandika de. Aligeuka akasema, "Sauti ya pili wote, nusu hatua juu. Msiogope, itaonekana ngeni." Tukaimba. Jamani. Kurasa nane tulikuwa tumelia, na katika noti moja, bila mtu mwingine yeyote kusogea, besi palepale, sauti ya tatu palepale, wimbo mzima ukafunguka. Masanja alivua kofia ambayo hakuwa ameivaa. Mkono ulikwenda kichwani wenyewe. Hakuna aliyesema harusi wala msiba. Mwalimu alikaa kwenye benchi akajifunika uso.

Wengine walipoondoka aliniita. Nilimweleza yote, pamba, kisima, lori. Alisikiliza kama karani.

"Ningekuwa bado ghalani," alisema mwishowe, "ningeumwaga mzigo wa baba yako kwenye turubai na ningeuona." Akatikisa kichwa. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba katika maisha yangu yote ya kusoma na kufundisha muziki. "Kanuni ilinipa do, Minza. Ningekaa na ubao ule mwaka mzima ingenipa do. Ile de aliitoa moyoni mwake, na ya moyoni huwezi kuitafuta, mpaka mtu akuambie. Wabeja kwa kuniambia." Alinishukuru, mimi mwizi wake. Kwa mama hakusema neno, na mama hakuniuliza.

Asubuhi yake kanisa lilijaa hadi nje. Tuliimba. Tulipokaribia mwisho nikasikia wenzangu wanaanza kulegea. Watu wazima wanaogopa noti waliyojifunza jana. Kwenye de walinyamaza, mmoja mmoja, ikabaki sauti yangu na ya mama, na mama naye akaishiwa pumzi. Mwalimu alikuwa amefumba macho, mkono uko juu. Besi wakamaliza pumzi zao wakaacha. Sauti ya tatu wakaacha, sauti ya kwanza wakaacha. Mkono wa Mwalimu haukushuka. Nilikuwa nimebaki peke yangu, kifua kinaniuma, na watu wote wa kijiji wananitazama. Nikaishikilia.